Wiki mbili za binamu, miaka minne ya babu: yupi wa kukimbizwa hospitali kwanza

Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga mjini, ilikuwa na wagonjwa wawili wa kichwa kwa wakati mmoja, na mtaa mzima ukawapa jina moja tu, wamechanganyikiwa. Mmoja ni babu, miaka 78, ambaye kwa miaka kama minne alikuwa anapungua kidogo kidogo kama maji ya mtungi wenye ufa, mwingine ni binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, miaka 21, ambaye Jumatatu moja alikuwa anakaanga mihogo na kuchekesha wateja na Jumatatu ya pili yake hataki hata kumtazama mama yake. Pesa tulikuwa nayo ya kumsafirisha mmoja. Ikabidi tuchague, na mi nusura niwapotoshe wote maana nilisema babu ndo aende, mzee kwanza, binti hizo ni stress zitapita.

Mi si daktari, nilisomea maabara mwaka na nusu nikaachia njiani, sasa hivi nauza vipuri vya baiskeli. Ila yale niliyosoma usiku kwenye simu na yale madaktari waliyokaa wakanieleza nayaweka hapa sambamba, binti huku babu kule, mwenye mgonjwa nyumbani aangalie wa kwake anaangukia wapi.

Kwanza hili neno kingamwili maana ndo mzizi wa yote. Ni viprotini vyenye umbo kama herufi Y ambavyo mwili unavitengeneza kukamata vijidudu, chanjo nyingi tunazochanjwa zinaufundisha mwili kutengeneza hivyo hivyo. Sasa kuna wakati mwili unatengeneza kingamwili zinazokamata kitu chake wenyewe. Ni kama mgambo katumwa akakamate wanaopanga bidhaa barabarani, anafika anambeba mwenye duka, leseni iko ukutani kabisa, kisa na yeye ana meza nje. Na wala si jambo la ajabu, watu wazima wengi wazima wa afya ukiwapima damu utazikuta za namna hiyo, zinazunguka tu hazina madhara, na moja ya sababu ni kwamba mishipa ya damu ya ubongo imezibwa vizuri haipitishi kila kitu. Balaa linaanza pale kizuizi hicho kinapolegea, kwa maambukizi, kwa umri, au pale seli zinazotengeneza hizo kingamwili zinapoingia zenyewe na kuweka makazi humo humo.

Kasi

Hiki ndo kipimo cha bure na kinashinda vingi vya kulipia.

Binamu alianza na kichwa na kihoma kidogo, tukapima malaria, hamna. Siku ya nne halali, yani halali kabisa, usiku kucha anapanga sufuria anazipangua. Siku ya sita anasema watu wa nyumba ya pili wanamsikiliza kupitia feni. Ya tisa mdomo ukaanza kujicheza wenyewe kama mtu anayemung'unya ubuyu, mkono mmoja unakunja na kukunjua, na ya kumi na moja akapigwa degedege, yeye ambaye hajawahi kuwa na kifafa wala kwao hakipo.

Babu, mwaka wa kwanza anarudia stori ile ile ya shamba la mkonge mara tatu kwa chai moja. Wa pili anaficha ufunguo wa baiskeli afu anatutuhumu tumeiba. Wa tatu akaanza kupotea, na kupotea kwenyewe Ngamiani, ambako barabara zina namba! Mtu kazaliwa hapa hapa, anatoka Barabara ya 9 anakwenda ya 14, anashika njia ya namba zinazopungua na hashtuki. Hapo ndo moyo wangu ulikubali kwamba huu si usahaulifu wa kawaida wa wazee.

Madaktari wanaotibu mishipa ya fahamu wana mstari wao: kumbukumbu, akili au tabia ikiharibika ndani ya muda usiofika miezi mitatu, wanatafuta maambukizi na wanatafuta ensefalitisi ya kingamwili, yani ubongo kushambuliwa na kinga ya mwenyewe. Ikichukua miaka, wanaelekea kwenye demensia, yani magonjwa ya akili na kumbukumbu kupungua taratibu, na kubwa lao ni ule wa Alzheimer. Kwa hiyo ukiulizwa mgonjwa kaanza lini usijibu "zamani kidogo". Toa tarehe. Sisi tulipoteza siku nne hospitali ya kwanza (siitaji) kwa sababu kila ndugu alitoa tarehe yake.

Umri unasaidia ila usiutegemee, nitaeleza mbele kwa nini.

Inashika wapi

Seli za neva zinaongea kwa kemikali, moja inamwaga, ya pili inapokea, na upande wa kupokea kuna vipokezi vimechomoza juu ya seli. Kimojawapo kinaitwa kipokezi cha NMDA, kinahusika sana na kumbukumbu na kufikiri. Kingamwili za binamu zilikuwa zinakishika hicho. Ile Y ina mikono miwili, kwa hiyo inashika vipokezi viwili inavifunga pamoja kama pingu, na seli ikiona vimefungwa inavimeza, vinatoweka juu. Seli yenyewe haijafa. Ni nyumba iliyong'olewa soketi, umeme upo, waya zipo, pa kuchomeka hamna.

Mtu aliyenifanya nielewe ni jamaa mmoja wa chumba cha oparesheni. Akaniuliza, umewahi kumsubiri mtu anazinduka na ketamini? Nikamwambia ndio, shemeji yangu alikuwa anaimba na kuona watu darini. Akasema basi ketamini inaziba kipokezi hicho hicho cha NMDA, dada yako ni kama mtu aliyewekewa ketamini ambayo haiishi. Nilikaa chini.

Upande wa babu ni kitu kingine. Kule protini moja inaitwa amiloidi inaganda katikati ya seli, nyingine inaitwa tau inajisokota ndani ya seli, na seli zinakufa, kidogo kidogo, miaka mingi kabla hata hujaona dalili ya kwanza. Alois Alzheimer alieleza mabaki haya mwaka 1906 kwenye ubongo wa mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wake. Seli ya neva ikifa haichipui nyingine kama jani la mkonge. Binamu kang'olewa soketi, babu kaangukiwa na ukuta, na ndo maana haraka ya mmoja si haraka ya mwingine: soketi unaweza kurudisha, ila ukichelewa sana mafundi wanakuta na nyumba imeungua, maana degedege mfululizo, homa, mapigo ya moyo yanayopanda na kushuka ovyo na kupumua kwa shida vinaweza kuua kabla kingamwili hazijaguswa.

Lile la nywele na jino

Hili nalieleza kwa kirefu maana kwetu Tanga ndo linapoteza watu.

Tulipofika Dar daktari aliagiza ultrasound ya tumbo la chini. Mama mdogo akawaka, "Mwanangu anaumwa kichwa nyie mnampima tumbo?" Daktari akamwambia taratibu, mama nivumilie. Ikaonekana uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Ukatolewa, na mjomba akaitwa auone, ndani mna nywele, mna mafuta, na kuna kipande cha jino.

Jamani. Nyinyi mnajua hiyo maana yake nini huku kwetu. Mjomba alitoka pale akaniambia neno moja tu, "Sikusema?" Kwa sababu yeye tangu mwanzo alishasema binti katupiwa, na alishapelekwa kisomo, kashanyweshwa kombe, na yule mganga wa ng'ambo ya pili alishasema kuna kitu ndani kina nywele. Utabishana naye vipi?

Mi sikubishana, nilimuuliza daktari mbele yake. Akatueleza uvimbe huo unaitwa teratoma, unatokana na seli za yai ambazo kwa asili zina uwezo wa kutengeneza kila aina ya nyama, mtoto mzima anatoka humo, kwa hiyo zikikosea njia zinatengeneza vipande vipande: ngozi, nywele, jino, na mara nyingine nyama ya neva. Ni uvimbe unaojulikana, mabinti wengi wanautoa bila kuumwa kichwa hata siku moja. Ila wa binamu inaelekea ulikuwa na nyama ya neva yenye vipokezi vya NMDA, ulinzi wa mwili ukakutana na vipokezi hivyo mahali pasipo pake ukavihesabu ni mgeni, ukatengeneza kingamwili, na kingamwili hazijui mipaka, zikafuata vilivyoko kichwani. Kwa hiyo ukitibu kichwa ukaacha uvimbe umeacha kiwanda kinafanya kazi. Ugonjwa wenyewe ulielezwa vizuri na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, kwa mabinti wenye uvimbe wa aina hiyo hiyo, yani ni juzi tu.

Mjomba akanyamaza kidogo akasema, "Haya, lakini nani aliuweka?" Nikaona tusonge mbele.

Niongeze tu kwamba si kila mwenye kingamwili hizi ana uvimbe. Wanawake ni kama wanne kati ya wagonjwa watano, ila wanaume na watoto wanaumwa na wengi wao hawana uvimbe wowote, na kuna wanaoanza wiki chache baada ya kupona ubongo ulioshambuliwa na kirusi cha hepesi.

Watu wa katikati

Sasa hapa ndo umri unadanganya. Kuna mzee wa miaka 60 na kitu anasahau, nyumbani wanasema uzee huo, wanamweka fungu la babu. Ila ukiuliza vizuri kaanza wiki sita zilizopita, na mara kwa mara uso na mkono wa upande mmoja vinashtuka pamoja kwa sekunde mbili tatu, anaweza kuangusha kikombe, kwa siku inafika mara kumi, hamsini, mpaka mia. Na akipimwa chumvi ya sodiamu damuni iko chini. Huyo si babu! Huyo mara nyingi ni kingamwili za LGI1. LGI1 ni protini inayofunga pamoja pande mbili za pale neva zinapokutana, kama kamba ya ngalawa na gati, kingamwili inaifungua kamba. Steroidi, yani dawa za kupoza kinga ya mwili, kwa watu hawa zinafanya kazi vizuri, mishtuko inaweza kukata ndani ya siku au wiki. Ila akiachwa, ile sehemu ya ubongo ya kutunza kumbukumbu, hipokampasi, inasinyaa, na hata ukija kuziondoa kingamwili baadaye usahaulifu unabaki. Yani kaanza upande wa binamu, kwa kucheleweshwa kaishia upande wa babu. Mtu akiniuliza kama kingamwili zinaweza kuozesha neva, mfano wangu ni huu.

Wa pili ni mwenye jicho lililozima ndani ya siku chache, au miguu yote imepooza na mkojo umefunga, au hili la kushangaza, kwikwi na kutapika kwa wiki nzima bila sababu tumboni. Hao wapimwe kingamwili za akwaporini-4, ugonjwa unaitwa NMO. Kingamwili zake ziligunduliwa na kundi la Vanda Lennon kule Mayo Clinic Marekani, mwaka 2004. Hizi hazishiki neva, zinashika seli nyota, zile zinazolea na kulisha neva, na hazifungi pingu tu, zinaita na mfumo mwingine wa damu unaoitwa komplementi, ambao unatoboa seli. Mlezi akifa na mtoto anakufa. Kila shambulio linaacha kovu, kwa hiyo hapa mchezo ni kuzuia la pili. Sisi watu weusi tunaupata kuliko Wazungu, na wengine wanaandikiwa dawa za MS, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo, kwa kufananisha, wakati baadhi ya dawa hizo zinauzidisha.

Halafu kuna kingamwili ambazo ni mashahidi tu. Za Hu kwa mfano, kitu zinachokishika kiko ndani kabisa ya kiini cha seli, mkono haufiki. Wauaji ni seli nyeupe za aina ya T, kingamwili zinakujulisha tu kwamba kuna mauaji, na mara nyingi nyuma yake kuna saratani ya mapafu ya mvuta sigara. Hapo kuchuja damu ili kutoa kingamwili hakusaidii sana, unatafuta saratani mbio mbio ili kuzuia kilichobaki kisiende. Kanuni ya kukariri basi: kingamwili inayoshika nje ya seli, matumaini makubwa, inayoshika ndani, matumaini madogo na msako wa saratani.

Na iko moja inaitwa IgLON5, imejulikana 2014, mgonjwa analala vurugu, anakoroma vibaya, anayumba, anapaliwa, taratibu kwa miaka. Inashika nje ya seli kwa hiyo kwa kanuni yangu ilitakiwa iwe ya upande wa binamu. Ila walipopasua ubongo wa baadhi ya waliofariki wakakuta tau imejaa, mali ya upande wa babu! Hapo kuta mbili zinagusana, na wataalamu wanabishana bado nani kamzaa nani.

(Nichomekee la karibu na kwetu. Milima ya Usambara ina ugonjwa wa usubi, ule unaoambukizwa na vijinzi vya mtoni na watu wanagawiwa ivermektini. Kule Mahenge mkoani Morogoro pia upo, na kuna watoto wanaotikisa vichwa kama wanasinzia afu wanaingia kwenye kifafa na akili inadumaa. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya watoto wa namna hiyo Uganda wana kingamwili za protini ya neva inayoitwa leiomodini-1, na kwamba kingamwili hizo zinafanana na zinazomkamata mnyoo wa usubi. Mjadala haujaisha, ila ukipewa ivermektini kunywa.)

Na babu je, ana kingamwili?

Niliuliza hilo kwa tamaa, nikijua zikipatikana basi na yeye anatibika. Jibu ni kwamba kwa wazee wenye Alzheimer kingamwili za kujishika wenyewe zinaonekana, kizuizi cha ubongo nacho kinavuja zaidi, ila nyingi zinaweza kuwa zimekuja kuzoa takataka za seli zilizokufa, si zilizoua. Tena kuna dawa ya Alzheimer, lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, yenyewe ni kingamwili ya maabara inayotumwa kuzoa amiloidi. Inapunguza kasi kiasi, hairudishi kilichopotea, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu kwa hiyo inataka MRI, picha ya ndani ya ubongo, mara kwa mara. Kwa mzee wa Ngamiani hiyo niliiweka pembeni bila majuto.

Kilichomfaa babu zaidi ni vipimo vya bei ndogo vya kuondoa vinavyotibika: kaswende, VVU, thairoidi, na kama aliwahi kuanguka damu ikavia ndani ya fuvu. Na vitamini B12, hii nayo ina kingamwili ndani yake. Kuna watu wanatengeneza kingamwili zinazoziba protini ya tumboni inayobeba B12, neva hazijaguswa kabisa, zinanyimwa chakula tu, mtu anapata ganzi miguuni, anatembea kama yuko kwenye mchanga, na kusahau juu. Tiba ni sindano za B12, basi. Wenye kisukari wanaokunywa metformini miaka mingi nao B12 inaweza kushuka, kwa njia nyingine. Babu ya kwake ilikuwa nzuri, bahati mbaya, nasema hivyo kweli.

Vipimo

Kilichonishangaza kuliko vyote: MRI ya binamu, aliyekuwa hajitambui, ilikuwa safi. MRI ya babu, aliyekuwa anakunywa chai na kutania manesi, ilionyesha ubongo umesinyaa. Kwa hiyo ukiambiwa "picha haina tatizo" usiondoke na mgonjwa. Binamu aliumbuliwa na kipimo cha umeme wa ubongo kilichoonyesha mawimbi ya polepole, na maji ya uti wa mgongo yaliyokuwa na seli nyeupe kidogo.

Watu wanaogopa sindano ya mgongo, mama mdogo alisaini analia, maana mtaani wanasema inapoozesha. Inaumiza, kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu, ila kwa kingamwili za NMDA maji hayo yanasema ukweli kuliko damu. Kwa LGI1 na akwaporini-4 damu ndo inatangulia. Hii muulize daktari kabla sampuli haijasafirishwa, maana ya kwetu ilipelekwa nje ya nchi, na ukituma isiyo sahihi unasubiri wiki kadhaa upate jibu lisilokusaidia. Na tiba haisubiri jibu. Wakishaondoa maambukizi wanaanza, binamu aliwekewa asiklovia ya kirusi cha hepesi mpaka walipojiridhisha hakipo.

Dawa

Steroidi za mshipa, bei nafuu, zipo, zinaanza kazi mapema. Shida yake zinapandisha sukari na presha, zinaamsha TB iliyolala, na minyoo fulani ikiwa mwilini inaweza kusambaa, kwa hiyo hivyo vinaangaliwa kwanza. Tafadhali msinunue prednisoloni, steroidi ya vidonge, duka la dawa mkaanza wenyewe, nimeona.

IVIG ni kingamwili za watu wengi waliochangia damu, zinamwagwa nyingi kwa siku kama tano ili zile mbovu zizidiwe. Haina madhara makali kama ya steroidi ila bei inatoa machozi. Kuchuja plazma, yani maji ya damu, kunatoa kingamwili zenyewe kwa mashine, kunataka mirija mikubwa na mgonjwa aliyetulia, na binamu hakuwa wa kutulia. Zingatia mpangilio, ukimwaga IVIG leo kesho ukachuja umemwaga pesa, unaitoa yote. Kama mgonjwa wako ni wa kupooza kuanzia miguuni kwenda juu baada ya kuharisha, ule wa Guillain-Barré, IVIG na kuchuja vinalingana, ila steroidi hazimsaidii, hapo usikubali ya bei rahisi kwa sababu ni rahisi.

Hivyo vikigoma wanapanda kwenye rituximab, inayofuta seli B ambazo ndo mama wa seli zinazotengeneza kingamwili, au siklofosfamidi. Kabla ya rituximab pima homa ya ini B. Binamu alipata steroidi na IVIG, uvimbe ukatolewa, hakufika kwenye hizo.

Upande wa babu ni donepezili, ambayo inasaidia kidogo kwa muda, na ratiba: mlango ule ule, kiti kile kile, mtu wa kutembea naye jioni. Steroidi kwa babu ni kumtafutia kisukari bure.

Moja la kuangalia. Tulishauriwa pia tumpeleke binamu Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani Korogwe iliyopo tangu Mjerumani. Si ushauri wa kijinga, wengi wenye ugonjwa huu duniani wanaanzia kwa daktari wa akili. Ila popote mtakapoenda semeni mapema kuhusu degedege, homa na mdomo unaojicheza, kwa sababu wagonjwa hawa wakipewa haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, wengine wanakakamaa na homa inapanda, ikaonekana ugonjwa wa akili umezidi.

Njia panda ya Segera

Sisi wa Tanga kila rufaa inaamuliwa Segera, kushoto Dar, kulia Moshi, na kote ni kama kilomita 350 kutoka mjini. Anza Bombo, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, degedege itulizwe kwanza maana kumsafirisha mtu anapigwa degedege kwenye basi ni kumuua. Hapo omba barua. Mwenye ndugu Dar apinde kushoto aende Muhimbili, mwenye ndugu Moshi apinde kulia KCMC, kwa sababu huu ugonjwa ni wa wiki na miezi wodini, na mtu wa kuleta uji kila asubuhi ana thamani kuliko tofauti za hospitali. Sisi tulikwenda kushoto kwa sababu hiyo tu, shangazi yuko Mbagala. Ulizia bima inalipia nini kabla hujaondoka, si ukifika.

Babu hakusafiri. Alipimwa hapa hapa, picha alipigwa miezi minane baadaye tulipopumua, na hakupoteza kitu kwa kusubiri.

Bebeni video. Ile ya sekunde ishirini ya mdomo wa binamu, niliyoirekodi nikijilaumu kwamba namdhalilisha, daktari aliitazama mara tatu na ndipo akaagiza ultrasound.

Binamu alianza kula mwenyewe wiki ya tano, kulala usiku wiki ya nane, kutania mwezi wa sita, anarudi kinyumenyume ya alivyoingia. Kwenye utafiti uliochapishwa 2013 wa wagonjwa 577 wa NMDA, wanane kati ya kumi walikuwa vizuri ndani ya miaka miwili, wengine walichukua mpaka mwaka na nusu kufika hapo, na kama 12 kwa mia ugonjwa uliwarudia ndani ya hiyo miaka miwili. Zile wiki hazikumbuki hata moja, ukimweleza habari ya feni anacheka anadhani tunatunga. Mihogo anakaanga tena, hesabu ya chenji bado anaandika kwenye karatasi, na kila baada ya miezi sita anapigwa ultrasound, nauli yake iko kwenye kopo la majani ya chai na mjomba ndo anaitunza.